Chumvi Chini ya Mita Sabini

Mashine ya kuchimba kisima ilianza kunguruma kabla umande haujakauka, na kutoka jikoni kwa mama yake Wambeti aliisikia kama mtu anavyosikia jino lake mwenyewe likiuma. Alikuwa ameketi juu ya gunia la ndengu, kompyuta ya parokia magotini. Kwenye kioo palijaa takataka: alama za kuuliza, vijisanduku vitupu, herufi zenye mikia na nukta vichwani, mstari baada ya mstari, kama kuku amekanyaga wino akapita. Hapa na pale katikati ya takataka hizo palikuwa na namba. Namba zilisomeka. Lakini namba zisizo na maneno hazimwambii mtu kitu.

Kisima cha zamani kilikuwa kimekufa. Paipu zake zilioza, kuta zikaporomoka, pampu ikazama na haikuonekana tena, na tangu hapo wanawake wa kijiji hicho cha nje ya Ishiara walikuwa wakiteremka na punda hadi mtoni Thuci na kurudi jua likiwa utosini. Sasa mashine ilikuwa imekuja kutoka Embu, imesimama hatua chache kutoka kisima cha zamani, na ingetoboa shimo moja tu kisha iende zake. Watu walichanga mbuzi, wakachanga ndengu, wakachanga mpaka hakuna aliyetaka kusikia neno mchango. Shimo la pili halingekuwapo.

Na kila mtu mzima alijua hatari yake. Chini ya ardhi ile maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukichimba kidogo, unapata maji ya ndoo mbili tatu na pampu inaanza kukohoa hewa. Ukichimba kupita kiasi, unatoboa sakafu, chumvi inapanda, na umepoteza yote mawili. Wazee walikumbuka kwamba chumvi ipo. Hakuna aliyekumbuka iko mita ngapi.

Aliyejua alikuwa Mjapani. Injinia Hosaka aliwachimbia kile kisima cha kwanza Wambeti akiwa msichana wa darasa la nane, na siku ya kuondoka alimpa baba yake Wambeti, aliyeachwa kuwa mlinzi wa pampu, diski moja inayong'aa. Akamwambia kila kitu kimo humo. Baba yake aliitunza ndani ya Biblia. Hakuwahi kuona kompyuta. Alipofariki, Wambeti aliihamishia kwenye flashi, na kwa miaka mingi kila aliyefungua faili hilo aliona kile alichokuwa akikiona yeye asubuhi ile: nyayo za kuku.

Kamati ya maji ilimfanya katibu kwa sababu hiyo tu. Alikuwa mtu wa kompyuta.

Alikuwa amesomea diploma pale Embu mjini, akaajiriwa katika duka la saiba, la kompyuta na intaneti za kulipia, mtaa wa Majimbo, akaolewa na Kiunga, dereva wa lori ambaye kwao ni Meru upande wa Makutano lakini mguu wake haukukaa popote. Walipanga vyumba viwili Majimbo. Wakampata Kinya. Na katika miaka yote hiyo, ukimuuliza jirani yeyote Wambeti ni mtu wa namna gani, angekujibu kwanza kwamba ni msafi. Asingesema kwamba ni mchangamfu au mkali. Msafi. Alikuwa hawezi kutoka mahali bila kufuta alipokuwa amekaa. Akiazima ungo, ulirudi ukiwa mweupe kuliko ulivyotoka. Akimaliza kazi saibani, alifuta kila faili la mteja, akafuta na kibodi kwa kitambaa chenye spiriti, hata mwenye duka akawa anamtania: "Wambeti, siku ukiiba hapa hatutapata hata alama ya kidole."

Ndoa ilipokwisha, aliiacha vivyo hivyo. Kiunga alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine huko Makutano, kimyakimya, bila hata kugombana. Wambeti aliosha vyumba vyote viwili, akang'oa misumari ya picha ukutani, akaziba matundu kwa dawa ya meno, akapiga deki akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mwenye nyumba alipoingia alisimama katikati ya sebule akauliza kwa mshangao, "Kwani hapa palikuwa pamekaa watu?" Alikuwa anamsifu. Wambeti alilia ndani ya gari njia nzima hadi Ishiara, na hakuweza kueleza kwa nini ni sifa hiyo iliyomliza, wala si mume.

Sasa alikuwa kwa mama yake, na Kinya alikuwa bwenini shuleni. Kompyuta yake mwenyewe iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Ndiyo maana alikwenda kwa Padri Mwiti.

"Chukua," Padri alimwambia. Alikuwa Mmeru mnene mwenye sauti ya upole, na kompyuta ile ndiyo aliyorushia maneno ya nyimbo ukutani kila Jumapili. "Na kimodemu chake hiki cha intaneti. Lakini Mama Kinya, hii si yangu, ni ya waumini. Irudi vile ilivyotoka."

"Itarudi, Padri. Itarudi safi."

Kompyuta ya parokia haikuwa na ule mfumo uliozoeleka saibani. Mfadhili aliyeitoa aliiwekea mfumo wa bure, ule ambao ukitaka kitu unafungua dirisha jeusi na kuandika amri kwa mkono. Wambeti aliufahamu kiasi. Usiku kucha alikuwa amefikiri juu ya zile takataka. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba, na kila namba inasimama badala ya herufi fulani kwa mapatano ya watu. Wajapani wa zamani walikuwa na mapatano zaidi ya moja. Faili halikuwa limeharibika hata kidogo. Lilikuwa linasomwa kwa mapatano yasiyo yake. Na alikuwa amegundua kwamba Wajapani wenyewe, kwa kuchoshwa na tabu hiyo, walitengeneza kijiprogramu kidogo cha kunusa faili na kusema limeandikwa kwa mapatano gani. Jina lake herufi tatu tu: nkf.

Alichomeka kimodemu. Taa yake ikapepesa, ikatulia. Akaandika, kidole kimoja kimoja, kama anayetembea juu ya mayai:

sudo apt-get install nkf

Mistari ilishuka. Kijiprogramu kilikuwa chepesi, kikaingia kabla mama yake hajamaliza kupuliza moto. Akakielekeza kwenye faili na kukiuliza: hiki ni nini? Kikajibu kwa neno moja, EUC-JP, kama mganga anayetaja ugonjwa bila kukutazama usoni.

Akakiamuru kigeuze.

Maandishi yalitiririka kwenye dirisha jeusi, marefu, kwa kasi, yakapita juu na kupotea, na yalipotulia kioo kilikuwa kimejaa Kijapani. Hakuna takataka. Alama nyeusi nadhifu, kila moja katika kiti chake, na namba kando yake.

"Mama!" alisema. "Njoo uone!"

Mama yake, Ruguru, alikuja akiwa na mwiko mkononi. Akainama. "Hii ndiyo nini?"

"Ni Hosaka."

"Mbona amekonda hivi?" Ruguru akacheka, akarudi kwenye sufuria yake.

Wambeti hakuwa anajua Kijapani. Alijua alama mbili tu. Wakati ule wa kuchimba, watoto walikuwa wakishinda pale kwenye mashine, na Hosaka, ambaye hakuwa na lugha ya kuzungumza nao, aliwachorea kwa kijiti kwenye tope lililotoka shimoni. Alama ya kwanza ilikuwa kama mtu aliyetawanya mikono na miguu akianguka. Akawapa kikombe waonje: maji. Alama ya pili ilikuwa ya msongamano, na chini kabisa ina kitu kama sahani. Akawapa kikombe kingine. Watoto wakatema, wakakunja nyuso, na Hosaka akacheka mpaka akashika mbavu. Chumvi. Wambeti alizichora alama hizo ukutani, mchangani, pembezoni mwa daftari la hesabu, kwa mwaka mzima.

Sasa akaitafuta sahani. Kidole chake kilishuka kwenye kioo mstari kwa mstari, na karibu na mwisho kikaipata, na kando yake namba tisini.

Alipiga simu papo hapo. Mzee Nyamu, mwenyekiti wa kamati, alikuwa pale pale penye mashine.

"Mzee, ni tisini! Chumvi iko tisini. Mwambie Kivuti wa mashine achimbe, asifike tisini. Asimame themanini na tano, hapo tutakuwa na maji ya kutosha!"

"Una hakika?"

"Ninaiona kwa macho."

Akasikia Mzee Nyamu akiwapigia kelele watu, na wanawake wakipiga vigelegele, naye peke yake jikoni akapiga cha kwake, na mbuzi mlangoni akashtuka.

Kisha akafanya alivyofanya maisha yake yote. Akaanza kusafisha.

Kwao chombo cha kuazima hakirudishwi na uchafu wa aliyekiazima. Sufuria husuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka tako lake liwe kama kioo. Na ndani yake huwekwa kitu, konzi ya kunde, viazi viwili, chochote, kwa sababu kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzako kwamba mmemalizana. Wambeti alilikumbuka lile la kwanza tu. Alifuta nakala ya faili iliyokuwa kwenye kompyuta. Alifunga dirisha, na maandishi yote ya Hosaka yakatoweka, maana hakuwa ameyahifadhi popote. Yalikuwa yamepita tu kiooni, kama maji yanavyopita kwenye mfereji. Akakiondoa kijiprogramu kwa amri ya kuondoa. Hapo mashine ikamwonyesha orodha ya vitu vingine na kumwambia kwamba, kwa inavyoona, havihitajiki tena na vinaweza kufagiliwa.

Aliona haya. Aliviona kama makombo yake, vitu vilivyoingia nyuma yake kwenye nyumba ya watu. Hakuvisoma kimoja kimoja. Akaandika amri ya kufagia, autoremove, akabonyeza, akaviona vikienda.

Akachomoa flashi. Akafuta kioo kwa pindo la leso. Kompyuta ilikuwa kama ilivyotoka.

"Na hiyo tisini," mama yake alisema, akimpakulia, "ni ya shimo lipi?"

"Lipi vipi?"

"Si walichimba mara mbili. Kwanza pale kwetu. Halafu wakaenda kule kwa Runji kujaribu, wakakuta vibaya, wakaacha. Wewe ulikuwa umerudi shule." Ruguru alipuliza kijiko. "Na hapo pa kwetu pia walifanya mambo ya ajabu. Watu wamechimba, wamechimba, halafu wanafukia! Baba yako alibeba mifuko ya simenti kwa mgongo wake, anamwaga kwa shimo. Nikamuuliza, kwani mnazika nani?"

Wambeti alikuwa ameshika sahani ya githeri. Baadaye hakukumbuka aliiweka wapi.

Maandishi yalikuwa yamepita kwa kasi na kupotea juu. Kilichobaki kiooni kilikuwa ni mwisho. Alikuwa amesoma mwisho wa hadithi akadhani ni hadithi nzima. Tisini ilikuwa ya kwa Runji.

Alipiga simu kwa Kivuti, mkuu wa wachimbaji. Ililia mpaka ikakata. Simu ya Kivuti ilikuwa ndani ya lori, na Kivuti alikuwa amesimama kando ya kompresa, asingesikia hata parapanda. Akampigia Mzee Nyamu.

"Mzee, simamisheni mashine!"

"Sikusikii, Mama Kinya! Ngoja nisogee. Haya, sema."

"Simamisheni. Tisini si yetu. Ni ya shimo la kwa Runji."

"Na yetu ni ngapi?"

Wambeti aliitazama kompyuta iliyofungwa.

"Nauliza, yetu ni ngapi? Huyu Kivuti anasema ukisimama hapa katikati bila mpango, tope linashika vyuma, na shimo limekwisha. Nimwambie asimame ngapi?"

"Bado natafuta."

"Asubuhi si ulikuwa umepata? Nimesikia kigelegele kwa hii masikio yangu. Sasa unatafuta tena? Ilienda wapi?"

"Nimeifuta."

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa nasafisha mashine ya Padri."

Mzee Nyamu akasema polepole, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa, "Mungu wangu. Amesafisha." Na akakata.

Alifungua kompyuta. Flashi ilikuwapo, faili lilikuwapo, nyayo za kuku zilikuwapo. Alihitaji tu kukirudisha kile kijiprogramu. Akachomeka kimodemu. Taa ikapepesa, ikapepesa, haikutulia. Kompyuta ikamwambia kwamba mtu amechomeka diski ndogo. Diski! Alikichomoa, akakipuliza, akakichomeka upande mwingine. Diski. Alikuwa amefagia kile kipande kinachoiambia kompyuta kwamba kidude hiki si diski bali ni mlango wa intaneti. Na ili kukirudisha kipande hicho alihitaji intaneti.

Simu yake mwenyewe ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu. Parokia ilikuwa sokoni Ishiara, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Na ng'ambo ya korongo ile ngurumo haikukatika. Ilikuwa ngurumo ya namna moja, yenye subira, inayokwenda chini.

Kuna kukata tamaa kunakopiga kelele, na kuna kule kunakomkalisha mtu kitako. Wambeti alikaa. Alitazama mikono yake, misafi, kucha zimekatwa. Alifikiri juu ya vyumba viwili vya Majimbo na misumari aliyoing'oa. Kama angeacha msumari mmoja. Kama angeacha kalenda ukutani, kikombe chenye ufa, pini ya nywele ya mtoto nyuma ya mlango. Kiunga angerudi siku moja kuchukua vitu vyake akakuta kitu cha kumsimamisha. Sasa angekuta nini? Deki tu. Maisha yake yote alikuwa akiondoka kabla watu hawajaona kwamba alikuwapo, na sasa alikuwa ameifanya hivyo hata sauti ya mtu wa pekee aliyejua kilichomo chini ya ardhi yao.

"Unalia nini?" mama yake aliuliza. "Kilivunjika?"

"Nilikitoa, Mama. Nilikileta nikakitoa. Na siwezi kukileta tena."

"Kililetwa na nini?"

"Kiliteremka kutoka intaneti. Kama kifurushi."

"Na hicho kifurushi," Ruguru alisema, akijaribu tu kumliwaza binti yake, "ulitupa na karatasi yake?"

Wambeti alifuta kamasi kwa mgongo wa mkono. Alikaa hivyo kidogo, mkono ukiwa bado usoni.

Ndani ya kompyuta za aina ile kuna ghala. Alikuwa ameliona miaka mingi nyuma, pale saibani, diski ilipojaa wakaenda kutafuta kilichoijaza. Kila kifurushi kinachoteremshwa kwa amri ile huachwa nakala yake kule nyuma, mpaka mtu aseme waziwazi kwamba ghala nalo lifagiliwe. Yeye alifagia sebule na jiko. Ghalani hakuwa ameingia, si kwa busara yoyote, ila kwa sababu alisahau kwamba lipo.

Akaandika njia ya ghala. Orodha ikaja, na ndani yake, kimekaa kimya, kile kifurushi cha herufi tatu.

Akakiamuru kijiweke tena kutoka pale kilipo, bila intaneti. Kikajiweka. Safari hii hakuyaacha maandishi yapite. Aliyamimina kwenye faili jipya, akalihifadhi pale pale usoni pa kompyuta ya parokia, akalihifadhi na kwenye flashi, akaanza kusoma kutoka juu.

Juu kabisa palikuwa na moja, shimo la kwanza. Mbali chini palikuwa na mbili, lile la kwa Runji. Chini ya ile moja, mtu anayeanguka, mtu anayeanguka, maji, maji, kisha sahani. Kando ya sahani: sabini na mbili.

Chini yake mstari mmoja hakuuelewa, wenye alama nyepesi zilizonyooka kama vijiti, na namba mbili zimeunganishwa kwa mshale: themanini na nne, mshale, sitini na sita.

Alimpigia Mzee Nyamu akiwa tayari anakimbia, leso imefungwa kiunoni, kompyuta kifuani kama mtoto mgonjwa. Simu haikupokelewa. Aliteremka korongo kwa makalio, akapanda upande wa pili kwa magoti, miiba ya mgunga ikamchana mkono, na alipotokea juu akaiona mashine na vumbi lake, na punda wamesimama, na wanawake wameketi juu ya mitungi yao ya plastiki wakiwa wamevaa vizuri, kama waliokuja harusini.

"Sabini na mbili!" alipiga kelele. "Kivuti! Sabini na mbili!"

Kivuti alikuwa mtu mfupi mwenye shavu limejaa majani ya muguka aliyokuwa akitafuna. Alimtazama, akatazama vyuma vyake, akainua mkono kwa vijana wa mashine. Haikusimama mara moja. Iligeuka sauti, ikapandisha, ikatapika tope, kisha ikanyamaza, na kimya chake kikawa kikubwa kuliko kelele.

"Madam," akasema, "niko themanini na tatu."

Maji yalikuwa yakitoka kwenye mdomo wa shimo, ya kijivu, yenye povu. Wambeti alipiga magoti akayachota kwa kiganja. Hakuna aliyemwambia asionje. Aliyashika mdomoni, na alikuwa tena msichana wa darasa la nane, na Hosaka anacheka. Lakini hapa hakuna aliyecheka.

Kivuti naye akachota, akatema pamoja na muguka wake. "Hii ni ya ng'ombe. Hata ng'ombe akatae."

"Alituambia tisini," mwanamke mmoja alisema.

"Alisema anaona kwa macho," akasema mwingine.

Mzee Nyamu alivua kofia, akaivaa tena. Angemkemea ingekuwa afadhali. "Mama Kinya," alisema, "nenda nyumbani upumzike."

Hakwenda. Alibaki amepiga magoti kwenye tope, na ni hapo, midomo yake ikiwa bado na chumvi, ule mstari asioujua ukamrudia pamoja na maneno ya mama yake. Watu wamechimba, halafu wanafukia. Themanini na nne, mshale, sitini na sita.

"Walipita pia," alisema.

"Nani?"

"Wajapani. Walitoboa sakafu kama sisi. Baba yangu alibeba simenti." Alifungua kompyuta kwa vidole vya tope, akaichafua kibodi yote, akamwonyesha Kivuti ule mshale. "Walifika themanini na nne. Wakafukia mpaka sitini na sita. Wakaziba chini, wakaacha ya juu. Ndiyo maji tuliyokunywa miaka yote."

Kivuti alitazama alama zile kwa muda mrefu. "Wewe unasoma hii?"

"Nasoma mbili tu. Nyingine nimeambiwa na Mama."

"Na kama si simenti? Kama hiyo imeandikwa, sijui, tulikula chakula?"

"Basi utakuwa umefukia shimo la chumvi. Ulikuwa unataka kulifanyia nini?"

Mtu mmoja akaguna, karibu acheke. Kivuti alisema lori lake linangojwa Meru, kwamba simenti ikimwagwa lazima ingojewe ishike, kwamba bosi atampigia kelele. Alisema yote hayo huku akiwa ameshaanza kuashiria vijana wavute vyuma. Simenti haikuwapo karibu ila mifuko ya kanisa, iliyowekwa ya kupiga lipu. Wambeti mwenyewe ndiye aliyempigia Padri, na katika simu hiyo moja alimwambia kwamba ameharibu intaneti ya parokia na kwamba anaomba simenti ya parokia. Upande wa pili palikuwa na pumzi ndefu.

"Kuna kingine?" Padri Mwiti aliuliza.

"Hapana, Padri."

"Njooni na punda."

Wakamwaga simenti kwa paipu hadi chini, wakangoja. Wanawake hawakurudi nyumbani. Hawakumsemesha Wambeti, wala hawakumfukuza. Walimwachia nafasi kwenye kivuli, pana kuliko inayohitajika. Simenti iliposhika Kivuti aliosha shimo, akasukuma hewa, na maji yakaja, ya kijivu kwanza, kisha ya rangi ya chai, kisha meupe. Kikombe kikapita mkono kwa mkono. Mzee Nyamu akaonja, akalamba meno.

"Inanyweka," alisema. Hakusema ni tamu.

Na hivyo ndivyo yalivyo mpaka leo. Yananyweka. Punda hawateremki tena Thuci, ndengu zinachemka ijapokuwa polepole, watoto wanaoga. Lakini pale shimo lilipotobolewa na kuzibwa, kidogo hupenya, chembe ya chumvi ambayo kisima cha zamani hakikuwa nayo, na wageni wakipewa chai hutazama ndani ya kikombe. Wenyeji wamezoea. Wapo wanaoyaita maji ya Wambeti, wengine kwa uchungu, wengine kwa sababu ndilo jina lililobaki. Yeye huyanywa kila asubuhi, na hakuna asubuhi ambayo ulimi wake haumkumbushi.

Alirudisha kompyuta Jumamosi, baada ya Padri kuazima intaneti ya mwalimu mmoja na kile kipande cha kimodemu kurudi mahali pake. Tope lilikuwa bado limekauka kati ya vitufe. Hakulitoa. Padri Mwiti aliifungua mezani, akaona usoni pake faili geni, na kwenye orodha ya programu herufi tatu asizozijua.

"Na hiki cha Kijapani? Si ulisema itarudi safi?"

"Nilikitoa, Padri. Nikakirudisha." Wambeti alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wa kunde mkononi, hajui auweke wapi. "Kiache tu kikae humo."

Padri alipokea kunde, akamsogezea kiti.

Wambeti akaketi.